Unapaka kifaru rangi ya jangwa? Kumbuka vumbi la El Wak

BINAMU yangu hupaka matatu rangi kwenye gereji moja pande za Buruburu, na ndiye aliyeharibu kifaru changu cha kwanza. Nilikuwa nimekiunda kwa wiki mbili: mwili wa katoni, magurudumu ya vifuniko vya soda, mnyororo wa tyubu ya baiskeli, mzinga wa bomba la kalamu ya Bic. Alikirudisha kikiwa cha manjano, kinang'aa na mabaka ya kahawia, utadhani ni nganya ya Umoja inayongoja kuzinduliwa.

"Si ulisema ya jangwa?" akaniuliza.

Simlaumu. Matatu hupakwa rangi ionekane toka mbali. Kifaru hupakwa kisionekane. Mabaka yale kazi yake ni kuvunja umbo, adui asijue chuma kinaanzia wapi na kichaka kinaishia wapi. Mng'ao ndio msaliti wa kwanza. Tukakipiga msasa, tukaanza upya na rangi ya maji isiyong'aa.

Safari hii tulianza na kijivu. Mwaka 1941 vifaru vya kwanza vya Wajerumani vilishuka Libya vikiwa bado na rangi ya kijivu ya vita vya Ulaya, vikapakwa ya mchanga baadaye. Basi ukipaka kijivu kwanza, kisha mchanga tabaka mbili nyepesi, unaweza kukwaruza kidogo pale askari wangekanyaga wakipanda, ile ya chini ichungulie. Chovya kipande cha sponji ya vyombo kwenye kijivu, ukikaushe kwenye gazeti hadi karibu kiishe, halafu gusagusa kingo. Usiwe na haraka. Mimi nilikuwa nayo, na ubavu mmoja unaonekana kama una tetekuwanga.

Waingereza nao walienda mbali zaidi ya rangi. Kabla ya vita vya El Alamein, Oktoba 1942, kikosi cha Geoffrey Barkas, mtu aliyekuwa akitengeneza filamu, kilivika vifaru maturubai juu ya fremu ili kutoka angani vionekane malori. Kwingineko wakapanga vifaru bandia. Kwa hivyo ukichekwa kejani kwa kuunda kifaru cha katoni, jua majenerali walitegemea vya aina hiyo.

Lakini kadiri nilivyosoma ndivyo nilivyoona nimekopi jangwa la wengine. Vita hivyo vilifika kwetu pia. Desemba 1940, vifaru vidogo vya Afrika Kusini vilishiriki kushambulia Waitaliano pale El Wak, mpakani na Somalia, leo kaunti ya Mandera. Askari wa Gold Coast, yaani Ghana ya sasa, walikuwemo. Na kule si mchanga wa manjano kama kwenye filamu. Ni vichaka vya miiba na vumbi jekundu.

Vumbi jekundu Eastlands utalitoa wapi? Udongo wetu ni ule mweusi unaong'ang'ania viatu mvua ikinyesha. Nilisaga chungu cha maua kilichovunjika, nikachuja unga wake kwa soksi nyepesi kuukuu ya mamangu (asisome hapa), nikaupaka kwa brashi kavu: mwingi chini kwenye minyororo, kidogo ukipanda juu. Spreyi ya nywele kwa mbali huushika usipeperuke. Ghafla ile katoni ikawa na uzito. Ilionekana imetoka mahali.

Kikabaki kipengele kimoja: nani asimame kando yake? Picha nyingi za modeli huweka mzungu mwenye darubini. Nilitengeneza mtu wa waya na karatasi, mrefu kama kiberiti, nikampaka rangi ya ngozi yangu na kumpa debe la petroli. Kwenye vita hivyo Waafrika wengi walichukuliwa kuchimba, kubeba na kutengeneza barabara, kama walivyobebeshwa mizigo wale wa vita vya kwanza ambao kikosi chao, Carrier Corps, kilituachia jina la Kariokor.

Binamu alimwangalia muda mrefu.

"Huyu mbona hana bunduki?"

Nikamweleza. Akachukua brashi nyembamba kuliko zote, ile ambayo huwa haazimi mtu, akaanza kumpaka vumbi miguuni.