TSH kwenye karatasi ya labo: ni kusema nini?

Hapa Likasi karatasi ya labo inasomwa na watu wengi kabla ya munganga. Mama anatoka kupimwa damu, anarudi Kikula na karatasi yenye TSH 11,2, na jirani amekwisha kusema: ni sumu ya mine. Mwingine anasema hapana, ni uranium ya Shinkolobwe. Wa tatu anajua dawa iko wapi kwenye soko. Kipimo hiki si cha makuta kidogo. Basi leo tuisome ile karatasi pole pole, pamoja na ba mama na ba papa wa Shituru, Panda na kwingine.

Tiroidi ni tezi ndogo iliyo mbele ya shingo. Inatengeneza homoni mbili, T4 na T3, na hizo ndizo zinaamuru mwili uende kwa mwendo gani: moyo, joto, choo, hedhi, na kwa mtoto hata akili kukua. Ikivimba, tunaiita goitre. Lakini shingo inaweza kuwa kubwa na homoni ziwe sawa, na shingo ikawa nzuri kabisa huku homoni zimeharibika. Njo maana kutazama shingo peke yake hakutoshi.

Sasa TSH. Watu wengi wanafikiri inatoka kwenye tiroidi. Hapana. Inatoka kwenye tezi nyingine chini ya ubongo, na kazi yake ni ya kapita. Kila mtu wa mine anamjua kapita: wafanyakazi wakilegea, anapaza sauti, wakizidisha, ananyamaza. TSH ikiwa juu, maana yake tiroidi imelegea na kapita anapiga kelele. Ikiwa chini sana, mara nyingi tiroidi inazidisha. Namba inaenda kinyume na vile mtu angedhani, na hapo njo wengi wanapotea.

Labo nyingi zinaandika kwamba kwa mtu mkubwa TSH ya kawaida iko karibu kati ya 0,4 na 4 mUI/L. Mwenye tiroidi iliyolegea anachoka, anasikia baridi, ananenepa bila kula sana, ngozi inakauka, choo kinakuwa kigumu, na mwanamke anaweza kukawia kushika mimba. Mwenye tiroidi inayozidisha anakonda, anatoka jasho, mikono inatetemeka, moyo unakimbia. Kwetu hapa uchovu una sababu nyingi: kazi ya usiku, malaria, damu kidogo, sukari. Munganga akipima hayo kwanza, hajakosea. Lakini mama akiendelea kuchoka miezi na miezi, na kila mtu anasema "ni kazi tu", iko haki kuuliza juu ya tiroidi. Wanawake wanaipata mara nyingi zaidi kuliko wanaume.

TSH peke yake haimalizi maneno. Munganga anaiweka karibu na T4 ya bure, ile karatasi inaita T4 libre. TSH juu na T4 chini: tiroidi imelegea kweli, inaomba dawa. TSH 6 au 7 na T4 ya kawaida: mara nyingi wanangoja miezi miwili au mitatu, wanapima tena, kwa sababu namba ndogo kama hiyo inaweza kurudi yenyewe. Na kuna hali moja wengi wanaisahau: T4 iko chini, lakini TSH nayo iko chini au ya kawaida tu. Hapo kapita mwenyewe anaweza kuwa mgonjwa. Hiyo inaonekana kwa mama aliyepoteza damu nyingi sana wakati wa kuzaa, kisha maziwa yakakosa kutoka na hedhi haikurudi. Asikae kimya, amweleze munganga ile historia yote.

Kuna mambo yanayodanganya kipimo. Ugonjwa mkali, kama malaria ya kulazwa, unageuza namba. Afadhali kungoja mtu apone, kama hakuna haraka. Mimba inabadilisha mipaka, kwa hiyo labo ijue mapema. Vidonge vya nywele na kucha vyenye biotini vinaweza kuharibu hesabu ya mashine. Uviache siku mbili mbele. Njaa, hapana lazima: unaweza kupimwa ukiwa umekula.

Na ile sumu ya mine? Hapa tusikimbie swali, kwa sababu si hadithi tupu. Kobalti inaweza kuzuia tiroidi kutumia iyodi. Katika miaka ya 1950 watoto waliopewa dawa ya kobalti ili kuongeza damu walitoka goitre, na walipoachishwa ile dawa, goitre ikapungua. Mwaka 1993 watafiti waliandika juu ya wafanyakazi wa kobalti wa Ubelgiji: homoni zao zilikuwa zimesogea kidogo. Mwaka 2011 wengine wakapima tena wafanyakazi wa huko, wakati vumbi lilikuwa limepunguzwa, na tiroidi zao zilikuwa salama. Kwa maoni yetu, kiasi ndicho kinaamua. Na kiasi cha kwetu si kidogo: mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na cha Leuven walionyesha kwamba watu wa Katanga wanaoishi chini ya kilomita 3 kutoka mine au kiwanda wana kobalti nyingi kwenye mkojo, watoto zaidi.

Lakini TSH haipimi kobalti. Inasema tiroidi inafanya kazi namna gani, haisemi nani ameiharibu. Kobalti inatafutwa kwenye mkojo au damu, kwa kipimo kingine. Na uranium ya jiwe si ile iyodi ya mionzi inayoshambulia tiroidi; hiyo inatoka kwenye bomu na reakta.

Chakula nacho kina neno lake. Kwenye kisiwa cha Idjwi, katika ziwa Kivu, watafiti wa miaka ya 1960 walikuta iyodi ilikosekana kisiwa kizima, lakini goitre ilijaa kaskazini zaidi ya kusini. Tofauti ilikuwa muhogo: ukiwa haukulowekwa na kukaushwa vizuri, unaacha kitu kinachofungia iyodi mlango. Sisi tunaochanganya muhogo kwenye bukari tuuloweke siku zake zote, na tununue chumvi yenye iyodi, tuifunike.

Aliyepewa levothyroxine anaimeza asubuhi tumbo tupu na anarudi kupimwa baada ya wiki 6 hadi 8. Mapema zaidi ni kutupa makuta. Aende na karatasi ya zamani, na atazame kipimo kilichoandikwa karibu na namba. Labo moja inaandika T4 libre 1,2 ng/dL, nyingine inaandika 15 pmol/L. Mtu anashtuka, anaona imepanda mara kumi na mbili, kumbe ni karibu kiasi kilekile.