Simu za Upepo kwa Wenye Pikipiki

Leo tutazungumza juu ya chombo ambacho si jembe wala mbolea, lakini kinaweza kuokoa matenga yako ya nyanya. Chombo chenyewe ni simu ya upepo, yaani ile redio ndogo ya mkononi ya kusemea na kusikilizia.

Tuchukue mfano wa Mlandizi. Mazao mengi hufika kwenye barabara kuu ya Morogoro kwa pikipiki, mengine kutoka Bonde la Ruvu, mengine kutoka upande wa Mzenga, Wilaya ya Kisarawe. Masika yakikolea, udongo mweusi wa bondeni hujaa kwenye madigadi mpaka gurudumu halizunguki. Pikipiki ya mbele inakwama. Ya nyuma haina habari, nayo inaingia hapo hapo na mzigo wake. Zote mbili zinalala njiani na nyanya zinaharibika. Kumbe yule wa mbele angeweza kusema tu, "Usipite hapa, zunguka," mzigo wa pili ungefika sokoni.

Utauliza, "Bwana Shamba, simu ya mkononi si ipo?" Ipo, na kwa kuuliza bei ya Dar es Salaam itumie hiyo hiyo. Lakini simu ya mkononi hutegemea mnara, na pasipo na mnara karibu hainyanyui neno. Simu ya upepo huenda redio kwa redio. Ukisema mara moja, wenzako wote walio kwenye chaneli hiyo na karibu nawe wanasikia, wala hulipi kwa dakika.

Kasoro yake ni umbali. Mawimbi yake husafiri karibu kama mwanga wa tochi: kilima huyazuia, na miti mingi huyapunguza. Redio ya mkononi ya wati 5 hufika kilomita chache tu, na bondeni hupungua zaidi. Kwa hiyo usiamini kilomita zilizoandikwa kwenye boksi. Azima redio mbili, mmoja abaki shambani, mwingine aende na pikipiki, akisimama kila kilomita moja na kuita. Andikeni mahali sauti inapopotea. Hapo ndipo mtajua kama chombo hiki kinawafaa kabla ya kutoa fedha.

Kikiwafaa, fanyeni hivi:

1. Redio ikae kifuani kwenye mkoba imara, eriali ikisimama wima. Usiitie ndani ya sanduku la bati, maana bati huziba mawimbi.

2. Tumia kisikilizio cha sikio moja. Sikio la pili liachie honi za malori.

3. Kusikiliza unaweza ukiwa unaendesha. Kusema, simama kwanza kando ya barabara. Redio inayojifungua yenyewe kwa sauti haifai sana, kwa sababu upepo nao huifungua.

4. Usiiunge redio moja kwa moja kwenye betri ya pikipiki. Betri hiyo ni ya volti 12, na redio nyingi za mkononi hutumia pungufu ya hapo, utaiunguza. Tumia chaja yake.

5. Ukisikia mkwaruzo unaopanda na kushuka pamoja na injini, hiyo ni cheche ya plagi. Mwambie fundi akufungie plagi yenye kizuizi cha kelele ndani yake.

Sasa, namna ya kusema. Hapa husema mmoja kwa wakati; wawili wakibonyeza pamoja, hakuna anayesikika vizuri. Bonyeza, hesabu moja kimoyomoyo, ndipo useme. Taja unayemwita, kisha jitaje, kisha toa habari kwa ufupi: mahali, hatari, la kufanya. Mwenzako arudie alichosikia. Asiporudia, usidhani amesikia. Na kwa kuwa kila mwenye redio ya namna hiyo aliye karibu anaweza kusikiliza, msitaje hewani fedha mlizobeba.

Jambo la mwisho ni sheria. Masafa ya redio husimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, iliyoundwa kwa sheria ya 2003. Kabla ya kununua, kikundi chenu kiulize huko aina ya redio inayokubaliwa na leseni inayotakiwa. Muuza duka akikwambia "washa tu uongee," usimsikilize. Unaweza kuingilia mawasiliano ya watu wa uokoaji, na hilo ni kosa kubwa.

Ndugu mkulima, redio haiondoi tope barabarani. Kazi yake ni kumfikishia mwenzako habari kabla hajafika kwenye tope hilo. Basi kaeni kikundi kizima, mpime umbali, mkubaliane maneno, ndipo mnunue.