Mbaazi Zipo, B12 Iko Wapi?

Mjamzito wa Ruangwa anayekula mbaazi, kunde na kisamvu, na kumeza vidonge vya kuongeza damu anavyopewa kliniki, bado anaweza kupungukiwa nini? Jibu langu ni vitamini B12. Jamii ya kunde na mboga za majani zina foleti kwa wingi, na kidonge cha kliniki kinaongeza foliki asidi, yaani foleti ya kutengenezwa, juu yake. B12 hutoka kwenye nyama, samaki, mayai na maziwa, na Nachingwea na Ruangwa ni nchi ya wakulima kuliko wafugaji.

Vitamini hizi mbili hukutana ndani ya seli, na hapo ndipo penye uhondo. Foleti hubeba kipande kidogo cha kaboni kiitwacho methili. B12 hukipokea na kukikabidhi kwa homosisteini, ikageuka methionini. Kutoka hapo methili hufika kwenye DNA ya mtoto na kubandikwa juu yake, ikichangia kuamua jeni ipi ifanye kazi na ipi inyamaze. Fikiria ghala la ushirika msimu wa mbaazi: malori yamefika yamejaa, makuli wa kushusha hawapo. Lori haliwezi kurudi shambani na mzigo, kwa hiyo linabaki kwenye foleni, na kila lori linaloongezwa linairefusha tu huku ghala likiwa tupu. Foleti isiyo na B12 hukwama hivyo hivyo: kwenye damu imejaa, kazini haipo. Mimba nayo haisubiri, maana kongosho na ini la mtoto hujengwa kwa methili zilizopo wakati huo.

Mwaka 2008 Chittaranjan Yajnik na wenzake wa Pune, India, walieleza kuwa watoto wa miaka 6 wenye usugu mkubwa zaidi wa insulini, hali inayotangulia kisukari, ni wale ambao mama zao wakiwa wajawazito walikuwa na B12 kidogo na foleti nyingi. Ni uhusiano, lakini unalingana na kemia yenyewe. Mtu atasema Wahindi wengi hawali nyama, sisi tuna dagaa. Kweli, ila mjamzito anahitaji mikrogramu 2.6 za B12 kwa siku, na dagaa wa mara moja kwa mwezi hawatoshi. Wala foliki asidi isiachwe, kwani ndiyo inayomkinga mtoto na mgongo wazi. Kidonge chenye vitamini na madini 15, kilichoingizwa na Shirika la Afya Duniani katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2021, kina foliki asidi na B12 pia. Halmashauri za Nachingwea na Ruangwa zikiombe kwa ajili ya kliniki zao. Na kabla hakijafika, mbaazi za mjamzito ziliwe pamoja na dagaa kila siku.