Kawia Ufike: Gari si Ngome Mbele ya Mafuriko

Mvua ya masika inapokolea katika nyanda za Kano, sisi wakazi wa Nyamasaria huwa hatuulizani iwapo mto utafurika. Huulizana utafurika lini. Lakini lipo swali jingine ambalo halijaulizwa vya kutosha, nami napenda kuliweka leo mbele ya walimu na wanafunzi: je, mtu aliyemo ndani ya gari afanye nini maji yanapoikata barabara?

Nawalenga walimu na wanafunzi kwa makusudi. Muhula wa pili wa shule zetu hufunguliwa mwishoni mwa Aprili au mapema Mei, wakati mvua imeshika kasi. Siku hizo maelfu ya watoto huwa safarini katika mabasi na matatu. Mwaka 2024 serikali ililazimika kuahirisha ufunguzi wa shule kutoka tarehe 29 Aprili hadi tarehe 13 Mei, kwa sababu ya mafuriko ambayo yaliua karibu watu 300 kote nchini. Uamuzi huo ulikuwa wa busara. Hata hivyo, si kila mwaka serikali itatuamulia. Aghalabu uamuzi hufanywa na dereva mmoja, kwenye ukingo wa maji, abiria wakiwa kimya.

Wapo ndugu zetu wengi waliokwenda kusoma na kufanya kazi Marekani na Kanada. Huko hufundishwa kwamba gari likikwama katika dhoruba ya theluji, aliyemo asitoke. Abaki ndani, ajifunike blanketi, awashe injini kwa dakika 10 hivi katika kila saa, aache dirisha wazi kidogo, na kwanza kabisa ahakikishe kwamba bomba la moshi halijazibwa na theluji, maana moshi wa injini ukirudi ndani una sumu isiyo na rangi wala harufu. Mafunzo hayo yana msingi. Dhoruba iliyoupiga mji wa Buffalo katika jimbo la New York mwezi Desemba 2022 iliua zaidi ya watu 40 mjini humo na viungani mwake. Baadhi yao walifia ndani ya magari, na wengine walifia nje kwenye baridi. Kwa msafiri wa nchi hizo adui ni baridi, na gari ni kibanda cha kujisitiri hadi msaada ufike.

Kwetu adui ni maji, na hapo mambo hugeuka. Theluji humkuta mtu barabarani bila hiari yake; maji yanayokatiza barabara, mara nyingi, ni dereva anayeyafuata. Tena kile kibanda kinachomkinga msafiri wa Buffalo kinaweza kuwa mtego Nyamasaria. Kwa hiyo hatuna budi kuwa na mafunzo yetu wenyewe, yaliyotokana na ardhi yetu.

Tuitazame basi ardhi hiyo. Maji ya mto Nyamasaria hayaanzii kwetu. Huteremka kutoka nyanda za juu za Nandi kwa kasi, kisha hufika ghafla kwenye tambarare ya Kano iliyo bapa kama sinia. Hapo mwendo hupungua, mchanga na matope hutuama, mkondo hujaa, na maji huanza kutafuta njia nyingine: mashamba, nyua za watu, na barabara kuu iendayo Ahero na Kericho. Udongo wetu mweusi wa mfinyanzi ukishashiba haunywi tena. Nalo ziwa likiwa limejaa, kama lilivyojaa mwaka 2020 na mwaka 2024, maji ya mito hukosa pa kuingilia upesi. Matokeo yake ni kwamba jua linaweza kuwaka Nyamasaria huku mto ukipanda, kwa sababu mvua imenyesha Nandi saa chache zilizopita. Dereva anayepima hatari kwa kutazama mawingu yaliyo juu ya kichwa chake amekwisha kujidanganya.

Walimu wa fizikia wananielewa nikisema kwamba jambo hili lingeweza kuwa somo zuri la darasani. Mwanafunzi wa fizikia wa sekondari husoma kanuni ya Archimedes. Basi achukue gari dogo lenye uzito wa kilo 1,100, urefu wa mita 4 na upana wa mita 1.6. Kila sentimita 10 za maji zinazopanda juu ya sakafu ya gari hilo huondoa nafasi ya mita za ujazo 0.64, nayo maji hulisukuma juu kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa kilo 640. Sentimita 17 hivi zatosha kulibeba gari zima. Ukijumlisha kimo cha sakafu kutoka ardhini, utaona kwamba maji yasiyofika magotini yanaweza kuziondolea tairi uzito wote uliozifanya zishike lami. Ndiyo maana wataalamu wa usalama hutaja sentimita 30 za maji yaendayo kasi kuwa hatari kwa magari madogo mengi, na sentimita 60 kwa magari karibu yote ya kawaida. Kwa mtu anayetembea kwa miguu, sentimita 15 tu zaweza kumwangusha.

Somo halijaisha. Mkondo ukiongeza kasi maradufu, nguvu yake ya kusukuma huongezeka mara nne. Mlango wa gari wenye upana wa mita 1, ukizingirwa na maji ya nusu mita kwa nje huku ndani kukiwa kukavu, hubanwa kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 125, yaani zaidi ya gunia la mahindi la kilo 90. Mtoto hawezi kuusukuma, na watu wazima wengi pia hawawezi.

Hesabu hizi tayari zimelipiwa kwa roho za watu. Tarehe 4 Desemba 2021, basi lililowabeba wanakwaya wa Kanisa Katoliki la Mwingi kwenda harusini lilijaribu kuvuka mto Enziu, katika kaunti ya Kitui, maji yakiwa yamelifunika daraja. Watu walikuwa wamesimama ukingoni wakitazama. Basi lilisogea, likainama, likazama. Zaidi ya watu 30 walikufa, watoto wakiwa miongoni mwao. Mwezi Aprili 2024, basi jingine lilinaswa na mafuriko upande wa Garissa. Abiria wake walipanda juu ya paa, wakangoja, na waokoaji wakawatoa. Katika mikasa hiyo miwili sioni mahali popote ambapo ukubwa wa basi ulikuwa kinga.

Basi la kufanya ni lipi? La kwanza ni kutoingia. Iwapo huoni lami chini ya maji, huwezi kujua kama lami ingalipo au kalavati limekwisha kuchukuliwa. Usifuate lori lililovuka punde. Lori ni zito na lina kimo kirefu, na huenda ndilo lililomalizia kuling'oa daraja. Geuza gari, au egesha mahali palipoinuka, ungoje. Usiku ongeza hadhari maradufu.

Pili, ikiwa gari limezimika majini, usijaribu kuiwasha injini tena na tena. Huenda imekwisha kumeza maji. Fungueni mikanda, mteremshe vioo mara moja kabla umeme wa gari haujakatika, na mtoke mkielekea palipoinuka iwapo maji ni machache na yametulia. Watoto watangulie, na mizigo iachwe. Kioo kikikataa kushuka, vunja cha ubavuni, katika pembe yake, kwa kitu kigumu chenye ncha. Kioo cha mbele ni kigumu mno kuvunjika.

Tatu, ikiwa mkondo ni mkali nje, msijitose. Kaeni garini maadamu maji hayajaingia. Yakianza kupanda ndani, pandeni juu ya paa kupitia madirishani, mshikane, mpige simu 999, au 1199 ya Shirika la Msalaba Mwekundu wa Kenya. Hapa tu ndipo fundisho la wenzetu wa theluji linapokutana na letu: aliyebaki na chombo chake huonekana na waokoaji upesi kuliko aliyetawanyika.

Nimesema kwamba abiria huwa kimya, na hili ndilo linalonikera zaidi. Tumelelewa kuamini kwamba dereva ndiye ajuaye, na kwamba mtoto hamrekebishi mtu mzima. Adabu hiyo ni njema mezani na barazani. Penye ukingo wa mto uliofurika, adabu iliyo bora ni kusema, "Samahani, mzee, tushushe hapa." Mwalimu aliyepanda basi pamoja na wanafunzi wake ana wajibu wa kulitamka neno hilo kwanza, ili mwanafunzi asilazimike kulitamka peke yake. Najua atajibiwa kwamba nauli imelipwa, kwamba harusi inangoja, kwamba shule inafungwa lango saa kumi na moja. Hakuna hata moja kati ya sababu hizo lenye thamani ya mtoto mmoja.

Kwa hiyo naomba mambo matatu. Walimu wakuu na waweke kanuni iliyoandikwa kwamba basi la shule halitavuka maji yaliyoifunika barabara, na kwamba mwanafunzi aliyechelewa kwa sababu ya mafuriko hataadhibiwa. Serikali za kaunti na wasimamizi wa barabara na wasimike kwenye madaraja nguzo zenye alama za kina cha maji, na askari wazifunge barabara kabla, wala si baada, ya gari la kwanza kusombwa. Wazazi nao na wakubali kwamba mtoto aliyefika kesho amefika.

Wahenga walitwambia kawia ufike. Hapa Nyamasaria hakuna theluji inayotushtukiza. Mto wetu hutuonya kila mwaka, mchana kweupe, na mwenye kutaka kuusikia ana nafasi ya kukanyaga breki.