Kumpenda Idi Amin

Mwaka 1977, akiwa tayari ameikimbia nchi yake, Askofu Festo Kivengere wa Kigezi, Uganda, alitoa kwa Kiingereza kitabu ambacho jina lake ni sawa na kusema "Nampenda Idi Amin", rais yuleyule aliyemkimbia. Anayeishia kwenye jalada atadhani mzee huyu alikuwa mlegevu, au alirogwa. Ndani humo mauaji yametajwa waziwazi.

Usiku wa kuamkia Februari 5 mwaka huo, wanajeshi walivamia nyumba ya Askofu Mkuu Janani Luwum pale Namirembe, Kampala. Wakamwelekezea bunduki, wakapekua vyumba wakitafuta silaha. Hawakuambulia kitu. Siku chache baadaye maaskofu wa Kianglikana wakamwandikia Amin barua. Heshima zote za mkuu wa nchi zilikuwamo, na ile bunduki nayo ilikuwamo, pamoja na kilio cha watu wanaouawa na kupotea. Luwum akatuhumiwa kula njama na Milton Obote, rais aliyepinduliwa na Amin. Februari 16 akauawa pamoja na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth-Ofumbi. Serikali ikatangaza ajali ya gari. Ajali za serikali ile zilijua kuchagua abiria.

Kabla ya hapo, baadhi ya watu walimnung'unikia Luwum kwamba yuko karibu mno na wakubwa. Alikuwa mlokole tangu 1948, lakini alihudhuria shughuli za dola na kuzungumza na rais, Mwislamu, bila kinyongo. Tumezoea kudhani upole na msimamo hupunguzana: ukizidisha huu, ule unapungua. Luwum anatukatalia. Kuvumilia ni kazi ya mtu mwenye imani yake. Asiye nayo hana cha kuvumilia. Yeye hajali tu, na kutojali hakumgharimu mtu hata nauli ya daladala.

Kivengere naye hakungoja wanajeshi wamkute kitandani. Yeye na mkewe Mera walivuka milima kwa miguu usiku hadi Rwanda; kusamehe hakumlazimu mtu kukaa nyumbani akisubiri mlango uvunjwe. Inasimuliwa kwamba baadaye aliulizwa angefanya nini akipewa bastola huku Amin ameketi mbele yake. Alisema angemkabidhi Amin bastola hiyo, kwa kuwa hiyo ni silaha yake. Ya askofu ni upendo. Jibu hilo linamfaa aliyekwisha kuyataja mauaji. Likitoka kwa mhubiri ambaye hajawahi kumwambia mkubwa yeyote neno gumu, ni porojo.

Wapo pia wa upande wa pili, tena huku kwetu hawajapungua: wenye vipaza sauti viwanjani, wanaochambua dini ya jirani aya kwa aya hadi usiku wa manane na kusema wanautetea ukweli. Jirani mwenyewe wanamjua kwa dini yake tu. Mwanawe akilazwa hospitali, habari hawana.

Luwum majirani zake aliwajua. Mwaka 1976 aliketi na viongozi wa Wakatoliki na wa Waislamu kujadili hali ya nchi, na hakuna aliyeambiwa abadili dini kwanza ndipo akaribishwe. Amin, ambaye hakuombwa kibali, alikasirika.