Ujuzi wako wa jikoni unavyoweza kumnusuru mtoto wa jirani na udumavu

Ukipita soko la Mwanjelwa jijini Mbeya asubuhi, ni vigumu kuamini kwamba kuna mtoto wa ukanda huu anayekosa lishe. Parachichi na ndizi za Rungwe zipo, mchele wa Mbarali upo, maharage, viazi, maziwa, na usipa kutoka Kyela. Iringa nako ni hivyohivyo. Mahindi na mboga vinapakiwa kwenye malori kwenda kulisha mikoa mingine.

Hata hivyo, utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa Iringa inaongoza nchini kwa udumavu. Takribani watoto 57 kati ya 100 wenye umri chini ya miaka mitano walikuwa wafupi kuliko umri wao unavyotaka. Utafiti wa 2015/16 ulikuta watoto 42 kati ya 100. Katika kipindi hichohicho, wastani wa taifa ulishuka kutoka asilimia 34 hadi 30.

Udumavu si ufupi wa ukoo, kama bibi zetu wanavyopenda kutufariji. Mtoto aliyedumaa huugua kwa urahisi, na ubongo wake pia huathirika, hivyo darasani hupata shida. Siku 1,000 za mwanzo, yaani tangu mimba inapotungwa hadi mtoto anapotimiza miaka miwili, ndizo zinazoamua mengi. Zikishapita, kurudisha kilichopotea ni kazi ngumu.

Sasa chakula kinapotelea wapi? Mara nyingi kinapotea kati ya shamba na bakuli la mtoto. Mama anatoka alfajiri kwenda shambani au kuchuma chai. Mtoto anabaki na dada yake wa miaka saba, na uji mwepesi wa mahindi kwenye chupa ya chai. Anakunywa asubuhi, anakunywa mchana. Tumbo linajaa, mwili unabaki na njaa.

Hapo hahitajiki mfadhili. Anahitajika jirani mwenye ujuzi wa kawaida kabisa.

Fundisha kupika uji

Kama unajua kupika uji wa mtoto vizuri, mwite jirani aje aone. Mtoto akitimiza miezi sita, maziwa ya mama peke yake hayamtoshi tena, ingawa anapaswa kuendelea kunyonya hadi miaka miwili au zaidi. Uji wake uwe mzito, ukiinua kijiko usichuruzike kama maji. Ponda maharage yaliyoiva, uyachuje maganda, uchanganye humo. Siku nyingine weka usipa uliotwangwa na kuchekechwa, au yai, au maziwa. Parachichi ponda kwa uma, umpe pembeni.

Mwambie pia kosa ambalo wengi tunalifanya: kuchanganya mahindi, ulezi, mtama na ngano, kisha kuuita unga huo "lishe". Hizo zote ni nafaka. Bila maharage, samaki, yai au maziwa, bado mtoto amekula kundi moja la chakula.

Mtoto wa miezi 6 hadi 8 alishwe mara mbili hadi tatu kwa siku. Kuanzia miezi 9, mara tatu hadi nne, pamoja na matunda katikati. Na ulanzi, hata ukiwa mtamu uliogemwa leo, si kinywaji cha mtoto.

Lisha wawili

Kama wewe unashinda nyumbani na jirani anashinda shambani, mwambie akuachie unga na maharage yake. Unayempikia wako, mpikie na wake. Inakugharimu nusu saa na sufuria kubwa kidogo. Wiki ijayo mnaweza kubadilishana.

Kazi kwa akina baba

Mtoto anayeharisha mara kwa mara hafaidi chakula anachokula. Baba anayejua kushika panga anaweza kumtengenezea jirani kibuyu chirizi: chimbia miti miwili yenye panda, laza mti wa tatu juu, ning'iniza dumu dogo la maji lenye tundu, funga kamba hadi kwenye kijiti cha kukanyaga kwa mguu. Weka karibu na choo, na sabuni pembeni. Kazi ya saa moja.

Mwenye bodaboda, siku ya kliniki mpakie mjamzito anayetembea mbali. Anayejua kusoma, amsaidie mwenzake asiyejua kuifuata kadi ya kliniki. Mstari wa ukuaji ukilala au ukishuka, usisubiri tarehe ijayo. Waende kituo cha afya au wamwone mhudumu wa afya wa kijiji.

Sema kwa heshima

Msaada unaweza kuharibiwa na mdomo. Usimwambie mama mbele za watu kwamba mtoto wake amedumaa. Atafunga mlango, na atakayeumia ni mtoto. Anza na salamu, kaa, msifu mtoto, kisha sema, "Dada, leo nimepika uji wa maharage, hebu naye aonje." Mengine yatafuata.

Na ujue mpaka wako. Mtoto aliyevimba miguu, aliyekonda sana, anayekataa kula au kunyonya, au aliyelegea, huyo si wa uji wa jirani. Apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo.

Wahenga walisema mkono mmoja haulei mwana. Jioni hii, kabla hujaepua sufuria, jiulize ni mtoto gani wa jirani aliye ndani ya siku zake 1,000, na leo amekula nini.