Foleni ya magari Dar es Salaam

Foleni ya magari (pia: msongamano wa magari) ni hali ya magari kwenda polepole sana au kusimama kabisa kwa sababu yanayoingia barabarani ni mengi kuliko yanayoweza kupita. Makala hii inahusu foleni katika jiji la Dar es Salaam, Tanzania.

Umbo la jiji
Dar es Salaam ilianza kandokando ya bandari, na mpaka leo ofisi nyingi, benki na soko la Kariakoo ziko upande huo. Wakazi wengi wanaishi mbali: Mbagala, Gongo la Mboto, Kimara, Tegeta. Barabara kuu nne zinaelekea katikati ya jiji, yaani Kilwa, Nyerere, Morogoro na ile ya Bagamoyo, lakini za kuziunganisha, kama Mandela na Sam Nujoma, ni chache. Hivyo asubuhi karibu wote huelekea upande mmoja na jioni hurudi pamoja. Mvua kubwa zikinyesha, mto Msimbazi hufurika, Barabara ya Morogoro hufungwa pale Jangwani, na magari yake huhamia njia ambazo tayari zimejaa.

Hatua zilizochukuliwa
Daraja la juu la Mfugale, Tazara, lilifunguliwa mwaka 2018 na lile la Kijazi, Ubungo, mwaka 2021. Makutano hayo yalipata nafuu. Hata hivyo, gari lisilosimama Ubungo hufika mapema kwenye makutano yanayofuata na kungoja huko. Tena barabara ikipata nafasi, waliokuwa wakipanda basi huanza kutoka na magari yao, na nafasi hujaa upya. Jambo hili limeonekana katika miji mingi duniani. Si uzembe wa madereva wa Dar es Salaam.

Gari dogo lenye mtu mmoja huchukua nafasi ileile kama lenye watu watano. Ndiyo maana mabasi yaendayo haraka, maarufu kama mwendokasi, yalipoanza mwaka 2016 kati ya Kimara na Kivukoni yalipewa njia yake pekee. Basi lake refu, la mita 18, hubeba watu zaidi ya mia moja. Lakini mabasi yakiwa machache, njia tupu haimsaidii abiria aliyebaki kituoni.

Wanafunzi
Foleni hupunguza safari ambazo daladala inaweza kufanya kwa siku, kwa hiyo kondakta hutaka kila kiti kilipe nauli kamili. Mwanafunzi hulipa pungufu, naye huachwa kituoni. Wengi huamka saa kumi alfajiri ili wawahi, na walimu wa kipindi cha kwanza wanawajua kwa kusinzia kwao.